Maarifa tunayo tele, ila mgeni hayaoni. Tuyapange vipi ayafikie?

#1 Mtunza Kumbukumbu (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna jambo limenikaa rohoni na leo nimeona nililete mbele yenu, kwa sababu najua humu wamo wanaoongoza vikundi, wanaofundisha ufundi, wakutubi, na wengine wanaotunza tu kumbukumbu za wenzao kwa mapenzi. Mada ni ndefu, mnivumilie.

Mimi natunza kumbukumbu za kikundi cha watu wanaotengeneza cherehani. Kwa miaka saba, kila swali lililoulizwa na kujibiwa nimelihifadhi: swali lenyewe, majibu, picha kama ipo, na tarehe. Sasa zimepita rekodi elfu tatu. Nilikuwa najivunia kazi hiyo sana. Mtu akija na shida nilikuwa namwambia, "Kila kitu kimo humo, tafuta tu."

Mwezi uliopita nilikaa na kijana aliyejiunga juzijuzi. Cherehani yake ilikuwa na ugonjwa ambao karibu kila anayejifunza kushona ameshaupata: juu mshono unaonekana wa kawaida, ukigeuza kitambaa unakuta uzi umejazana chini na kufungamana kama kiota cha ndege. Nikampa simu yenye kumbukumbu zetu, nikamwambia atafute mwenyewe. Nikaamua nitakaa kimya mpaka mwisho.

Akaandika "uzi unajaa chini". Hakuna kitu. Akaandika "cherehani inakula uzi". Likaja swali moja la mtu mwingine, halina jibu. Akatulia kidogo, akakitazama kile kitambaa. Tatizo liko chini, na kilichoko chini ni bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Akaandika "bobini mbovu". Hapo zikamwagika rekodi arobaini na kitu. Akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine. Akatoa bobini, akafuta vumbi, akairudisha, akashona: kiota kilekile. Akasoma nyingine, akachukua bisibisi na kuanza kulegeza ile skrubu ndogo ya kwenye kikasha cha bobini. Roho iliniuma, kwa sababu sasa alikuwa anaharibu kilichokuwa kizima. Nusu saa ilikuwa imepita.

Jibu lilikuwamo, wakuu. Limeandikwa miaka minne nyuma na mmoja wa mafundi wetu bora, kwa uangalifu, na picha juu. Kichwa chake: "Tensheni ya juu: mambo ya kuzingatia". Ndani anaeleza kwamba uzi ukijikusanya chini, mara nyingi kosa liko juu. Mtu ametunga uzi huku mguu unaobana kitambaa umeteremshwa. Mguu ukiwa chini, vile visahani vya tensheni, yaani vinavyoukaza uzi wa juu, vinakuwa vimebanana, kwa hiyo uzi hauingii katikati yake, unapita pembeni. Ukianza kushona, uzi wa juu hauna kitu cha kuushika, unavutwa chini ovyo. Dawa yake ni kuinua mguu, kutoa uzi wote na kuutunga upya. Haimalizi dakika moja.

Sasa niambieni, yule kijana angepata wapi neno "tensheni ya juu"? Macho yake yanaona chini. Ili aandike neno hilo ilibidi awe ameshajua kwamba kosa liko juu, na mtu aliyeshajua hilo hana haja ya kutafuta.

Usiku ule nilirudi kwenye rekodi zangu na nikakuta jambo lililoniumiza zaidi. Yule aliyeuliza swali lile mara ya kwanza, miaka minne iliyopita, aliandika hivi: "Mbona uzi unajaa chini jamani, nimebadilisha bobini mara tatu." Ni maneno yaleyale ya kijana wangu, karibu neno kwa neno! Ni mimi niliyeyafuta kwenye kichwa cha rekodi. Wakati wa kuhifadhi nilikuwa naona maswali ya wageni yameandikwa vibaya, kwa hiyo nayapa vichwa "sahihi" vya kifundi. Nilidhani nasafisha. Kumbe nilikuwa naziba mlango ambao mgeni wa kwanza aliufungua, na wa pili alipokuja akakuta ukuta.

Nimefanya hivyo kwa miaka saba.

Nilichokielewa ni hiki: sisi wazoefu tunapanga maarifa kwa chanzo, mgeni anakuja na dalili. Mgonjwa haji kwa daktari akitaja jina la ugonjwa, anasema "hapa panauma". Daktari naye hamwambii akasome sura ya ini. Mahali pa kukutana ni pale panapouma, na kazi ya kutoka pale hadi kwenye chanzo ni ya sisi tunaojua njia.

Jambo hili lilishapimwa. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake watatu walichapisha utafiti kuhusu maneno ambayo watu huchagua kuita vitu, na wakakuta kwamba uwezekano wa watu wawili kukiita kitu kimoja kwa neno moja ni chini ya asilimia 20. Yaani hata ukichagua kichwa kizuri namna gani, wengi watakuja na neno jingine. Pendekezo lao lilikuwa kukipa kila kitu majina mengi, yote yaelekee palepale, badala ya kuhangaika kutafuta jina moja bora.

Kwa hiyo nimeanza kazi. Kila jibu zuri nalirudishia juu yake maneno ya walioliuliza, yote, hata yenye makosa ya tahajia. "Uzi unajaa chini." "Cherehani inakula uzi." "Nyuzi zinafungamana." "Bobini inasumbua." Jina la kifundi lipo pia, ila linakaa chini yao.

Ninachoomba kwenu ni uzoefu. Wenye vikundi vya namna yoyote, iwe ufundi, kilimo, kompyuta, lugha, ulezi, mnamsaidiaje mtu wa kwanza kabisa, asiyejua hata aulize nini? Naomba kuwasilisha.

---

#2 Msomaji wa Usiku

Mkuu, umenigusa. Mimi ni wa kompyuta na kwetu ni hivihivi. Mtu anaandika "mashine imeganda", jibu limehifadhiwa kwa jina la faili la mfumo ambalo hajawahi kulisikia.

Swali langu: rekodi elfu tatu utazipitia zote? Nani ana muda huo?

---

#3 Fundi Mkongwe

Nimesoma yote na nitasema ninachoamini, msinichukie. Mimi nimejifunza ufundi kwa kukaa chini ya fundi miaka, hakuna aliyenitafunia. Nilifungua, nikakosea, nikafungua tena. Mgeni asiyetaka kutoka jasho hata kidogo la kutafuta hafai kufundishwa. Tukimwekea kila kitu mdomoni atajua kuondoa kiota cha uzi, lakini hatajua cherehani inafanyaje kazi. Na sisi tunaojibu swali lile lile mara mia tunachoka. Nani anatuhurumia?

---

#4 Mtunza Kumbukumbu

Mkuu Msomaji, hapana, sipitii zote, na sishauri mtu ajaribu. Nilichukua maswali ya mwaka mmoja tu, nikayaweka kwenye mafungu kwa kuangalia dalili, bila kujali nani ameuliza wala aina ya cherehani. Dalili zisizofika kumi na tano zilibeba sehemu kubwa kabisa ya maswali ya wageni: uzi unajaa chini, inaruka mishono, sindano zinavunjika, uzi wa juu unakatika, kitambaa hakisogei, inapiga kelele, ni nzito kuzunguka, na nyingine chache. Nimeanza na hizo. Hayo mengine elfu mbili na zaidi yatasubiri, nayo yanatafutwa na watu wazoefu ambao majina wanayo.

Ukurasa wa kwanza nimeuacha mdogo makusudi. Mwanzo niliweka viungo zaidi ya sitini, nikaona nimefanya la maana. Nilipompa mtu autumie, kidole chake kilipanda na kushuka mara mbili halafu akaniuliza mimi kwa mdomo. Sasa una sentensi kumi na mbili, zote zinaanza na kile mtu anachokiona au kukisikia.

Mzee wangu Fundi Mkongwe, shikamoo. Hasira yako naielewa, maana nimeiona kwa mafundi wetu na baadhi yao wameacha kujibu kwa sababu hiyo. Lakini niruhusu nikupinge kwenye jambo moja. Yule kijana alitoka jasho. Alitafuta mara tatu kwa maneno matatu, akasoma rekodi nyingi, akafungua bobini mara mbili. Bidii haikumpungukia hata kidogo. Alichokosa ni jina. Na wewe ulipokaa chini ya fundi wako, majina uliyapata bure: alinyoosha kidole akasema "lete hicho", ukajua kinaitwaje. Kijana anayejifunza peke yake usiku na simu mkononi hana kidole hicho cha kumwonyesha.

Kuhusu kuchoka: swali likirudi mara mia, nadhani linatuambia kwamba jibu letu limekaa mahali pasipoonekana. Mimi sasa likirudi silijibu upya. Nachukua maneno yake, nayaongeza juu ya jibu lililopo, kisha nampa kiungo. Linalofuata lenye maneno hayo halifiki kwenu.

---

#5 Fundi Mkongwe

Marahaba. Hilo la majina sikuwahi kulifikiria hivyo. Naendelea kusoma.

---

#6 Mkutubi

Mleta mada, ulichokigundua ni suala ambalo fani yetu imelifanyia kazi muda mrefu. Mwaka 1876 Charles Cutter wa Marekani alitoa kanuni za kutengeneza katalogi ya maktaba, yaani orodha ya vitabu vyake, na ndani yake aliweka utaratibu wa "tazama": msomaji akija na neno moja ambalo maktaba hailitumii, anakuta kadi inayomwambia atazame neno lingine. Mwaka huohuo Melvil Dewey alitoa mfumo wake wa namba wenye madaraja kumi. Dewey ndiye aliyepata umaarufu zaidi, lakini kwa mgeni asiyejua pa kuanzia, kile kikadi cha "tazama" kina thamani kuliko mfumo mzima wa namba. Toleo la kanuni za Cutter la mwaka 1904 linasema waziwazi kwamba unafuu wa msomaji utangulie mbele ya wepesi wa kazi ya mtengeneza katalogi.

Na Ranganathan wa India, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mkutubi, mwaka 1931 aliweka kanuni tano za maktaba. Ya nne ni kuokoa muda wa msomaji. Nusu saa ya yule kijana ndiyo hiyo.

Ushauri mmoja wa kazi: tenganisha "tazama" na "tazama pia". Ya kwanza inamwelekeza aliyekuja na neno ambalo halina rekodi. Ya pili inamwambia aliyepata jibu kwamba kuna jambo jirani. Ukizichanganya, mgeni atafungua majirani wote akidhani ni lazima.

---

#7 Mwanafunzi wa Lugha

Naongeza jambo ambalo sijaona likizungumzwa sana, nalo ni Kiswahili chenyewe.

Mgeni anaweza kuandika: inaruka, imeruka, ilikuwa inaruka, hairuki vizuri, inarukaruka. Kwetu sisi ni neno moja, kwa kompyuta inayolinganisha neno zima ni maneno tofauti kabisa. Mitambo mingi ya kutafutia ilijengwa juu ya lugha ambazo maneno hubadilika mwishoni. Martin Porter mwaka 1980 alichapisha kanuni maarufu ya kukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili maumbo ya neno yakutane kwenye shina. Kiswahili kinavaa nguo zake mbele: nafsi, wakati, ukanushi, vyote vinatangulia. Ukikata nyuma hujafanya kitu.

Nomino nazo ni hivyo. Aliyeandika "nyuzi" hapati rekodi yenye "uzi". Ukiiambia kompyuta itafute herufi u-z-i popote zilipo, itakuletea nyuzi, ndiyo, lakini itakuletea pia uzito, uzima na kuuziwa.

Watunga kamusi walilitatua kwa upande wao kwa kuorodhesha kitenzi kwenye shina, ukaangalie "ruka" kwenye R. Lakini hiyo inamtaka msomaji alijue shina kabla ya kutafuta. Kwa kumbukumbu kama za mleta mada, njia ninayoiona rahisi ni kuandika juu ya kila jibu umoja na wingi, na kitenzi katika maumbo mawili matatu ambayo watu huyasema kweli: "inaruka mishono, imeruka mshono, kuruka, hairuki". Inaonekana mbaya kwa macho, lakini inafanya kazi.

---

#8 Msomaji wa Usiku

Hili la nyuzi na uzi nimelijaribu sasa hivi kwenye kumbukumbu zetu kwa neno "ujumbe" na "jumbe". Matokeo tofauti kabisa. Asante sana mkuu, nilidhani mtambo wetu ni mbovu.

---

#9 Mgeni Bado

Habari zenu. Mimi ndiye huyo mnayemzungumzia, maana nimeanza kushona mwaka huu. Naomba niseme mawili.

La kwanza ni aibu. Ukiambiwa "tafuta, limeshajibiwa", ukatafuta ukakosa, hurudi tena kuuliza. Unaona wewe ndiye mwenye kasoro. Mimi nilikaa wiki tatu na cherehani imefunikwa kitambaa kwa sababu hiyo.

La pili, nilipopata jibu lilikuwa la uongo. Cherehani ilikuwa nzito kuzunguka, nikakuta mtu ameandika zamani kwamba mafuta ya kupikia yanatosha. Nikatia. Siku mbili ilikuwa laini kweli, halafu baada ya wiki chache ikawa nzito kuliko mwanzo. Baadaye sana ndipo nikakuta, mbali kabisa na jibu lile, watu wamemkosoa: mafuta ya kupikia yanaganda na kunata, yatumike mafuta maalumu ya cherehani. Lakini mimi nilishaamini la juu nikafunga. Ningejuaje kwamba mbele kuna masahihisho?

---

#10 Mtunza Kumbukumbu

Mgeni Bado, pole sana, na asante kwa kusema. Hilo la pili linanihusu moja kwa moja, kwa sababu na kwetu lipo jibu la mafuta ya kupikia na sikuwahi kuligusa. Niliogopa kufuta maneno ya mtu.

Nimelishughulikia leo asubuhi. Sijalifuta, kwa sababu mtu mwingine atakuja na wazo hilohilo na ni vizuri akute limejadiliwa. Nimeandika juu yake, kabla ya neno la kwanza la jibu: "Usifanye hivi. Mafuta haya hunata yakikaa. Jibu sahihi liko hapa." Nimeweka tarehe ya leo na aliyehakiki. Na kwa yule ambaye ameshatia, kama wewe, nimeongeza namna ya kurudi nyuma: kufuta mafuta ya zamani yaliyonata kwenye vyuma vinavyozunguka mpaka yaishe, kisha kutia mafuta ya cherehani tone mojamoja kwenye matundu yake, na kuendesha cherehani bila uzi juu ya kipande cha kitambaa kibovu ili kinyonye yanayotoka.

Sasa nadhani kila jibu la ukurasa wa kwanza lihakikiwe na mtu aliyelijaribu kwa mikono yake, na tarehe iandikwe. Jibu lisilo na tarehe mgeni hawezi kulipima, analiona lina uzito sawa na mengine yote.

Kuhusu aibu, nimeliondoa lile tangazo letu la juu lililosema "Tafuta kabla ya kuuliza". Badala yake pameandikwa: "Eleza unachokiona na unachokisikia. Huna haja ya kujua jina la kifaa." Siku tano zilizopita tumepata maswali mengi kuliko kawaida, na karibu yote tuliyajibu kwa kiungo kimoja.

---

#11 Fundi Mkongwe

Nimerudi. Jana nilifungua majibu yangu mwenyewe ya zamani, nikajaribu kuyasoma kama mtu asiyejua kitu. Nilichukua la cherehani inayoruka mishono. Nimeandika kurasa mbili kuhusu kurekebisha muda wa ndoano inayochukua uzi wa sindano, jambo ambalo mgeni asiliguse kabisa. Sindano yenyewe nimeitaja mstari wa mwisho, kwa maneno manne. Na ukweli ni kwamba wanaoniletea cherehani inayoruka, wengi ni sindano tu: imepinda, imekuwa butu, si saizi ya kitambaa, au imewekwa kinyume. Niliandika kile kilichonipendeza mimi kama fundi.

Basi nimeandika upya nikianza na sindano. Badilisha kwanza, weka mpya. Angalia namba, sindano ya 90/14 maana yake ina unene wa milimita 0.9, ni ya vitambaa vya kawaida. Chepesi sana kinataka ndogo, kizito kinataka kubwa. Sukuma mpaka juu kabisa kabla ya kukaza. Upande bapa wa shina unaelekea wapi, hapo ndipo nilipokwama. Kwenye cherehani nyingi za nyumbani unaelekea nyuma, lakini zipo ambazo uzi unaingia sindanoni kutoka ubavuni, na hizo upande bapa unaelekea ubavu mwingine. Mimi naangalia tu najua. Mgeni nimwambieje?

Mgeni Bado, wewe ndiye uniambie. Ukikaa mbele ya cherehani yako sasa hivi, unaona nini pale sindano inapoingia, na ungepaita vipi? Andika hivyohivyo, usiangalie kitabu.

---

#12 Mgeni Bado

Naona kitundu, na skrubu yenye kichwa kikubwa kulia kwake. Ningepaita "pale sindano inapobanwa". Lakini kuna kitu kingine: mfereji. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, uzi unalala humo unaposhuka. Mimi nilijifunza kuiweka kwa kuangalia mfereji uko upande ninaoingizia uzi. La upande bapa sikuwahi kulielewa.

---

#13 Fundi Mkongwe

Ni kweli, mfereji mrefu siku zote uko upande uzi unakoingilia, cherehani yoyote ile. Miaka yote nimekuwa nikifundisha upande bapa. Mtunza Kumbukumbu, weka la mfereji juu, kwa maneno yake alivyoyaandika. La kwangu liweke chini.

---

#14 Mtunza Kumbukumbu

Nimeshaweka, mzee wangu, na tarehe na majina yenu nyote wawili. Inayofuata ni "kitambaa hakisogei". Wote mliowahi kukutana nayo siku za mwanzo, nileteeni maneno mliyoyatumia siku ile.